Gauni la Tatu la Maradufu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule ya wasichana kule Kisarawe, Mwalimu Mkuu alinitazama toka kichwani hadi miguuni, hakunikaribisha hata kiti. "Utafundisha ushonaji na hesabu za dukani," alisema. "Watoto hawa wanapewa hela ya nguo, wanarudi na matambara."

Nilifurahi, maana mimi si mtu wa kukaa. Hata haya nayasema nimesimama, nikikaa mikono inatafuta kazi. Kila Jumamosi niliwapeleka wasichana dukani na kikombe cha maji. Kitambaa kipya hupakwa wanga, yaani uji unaokaushwa ili kiwe kigumu na king'ae. Kifikiche, unga ukidondoka ujue unauziwa uji. Chovya pembe, uone kama rangi inatoka. Kisha kiinue juani, na jua likipenya kama kwenye chekecheke, mrudishie mwenyewe.

Mwenye duka alikwenda kushitaki. Mwalimu Mkuu akaniita.

"Kazi yako ni sindano, mwalimu, si kufunga maduka ya watu."

"Nawafundisha thamani ya pesa, bwana, kama ulivyoniagiza."

Akakuna shingo. "Haya. Mkaguzi anakuja baada ya Iddi. Nionyeshe mtoto mmoja aliyefundishika. Ukishindwa, funga mizigo yako."

Nikamchagua Tatu, mtoto wa miaka tisa hivi. Baba yake, Mzee Kondo, mkulima wa Marui, alikuwa amempa shilingi tatu za gauni la Iddi. Tulipofika dukani alikwenda moja kwa moja kwenye chiti nyekundu ya maua, kitambaa chepesi cha pamba, akaishika kwa mikono miwili. Nikachovya pembe. Maji yakawa mekundu.

"Umeona, Tatu?"

"Nimeona, mwalimu."

"Sasa utachukua ipi?"

Akanyoosha kidole kwenye maradufu, kile kitambaa kizito cha rangi ya vumbi wanachoshonea makarani kaptura. Wala hakukiangalia, alikuwa ananiangalia mimi. Niliona, na nikanyamaza, kwa sababu nilimwogopa Mkaguzi.

Mkaguzi alipokuja, Tatu alisimama ndani ya gauni lake la maradufu akaeleza habari ya wanga na ya chenji aliyomrudishia baba yake. "Huyu hataibiwa maisha yake yote," Mkaguzi alisema. Nikatoka pale kichwa juu.

Iddi iliyofuata Mzee Kondo alinisimamisha njiani. "Mwalimu, umenifunzia mtoto. Gauni zima kabisa, mwaka huu sinunui." Nikampongeza. Tena nikamwita Tatu, nikamfundisha kuteremsha upindo, ile nguo inayokunjwa chini ili gauni liongezwe urefu mtoto akikua. Alishona vizuri sana.

Kisha nikapandishwa cheo, nikahamishiwa Visiga. Mwalimu Mkuu wa huko alikuwa mpole, ananiacha nifanye nitakavyo, na nikafundisha wanga ule ule miaka mingi. Lakini kila Iddi nilikuwa situlii. Nazunguka uani, nafagia palipokwisha kufagiwa, na wala sikujua nina nini.

Nilijua baada ya kustaafu, nipo Mkuza na cherehani yangu. Mama mmoja alipiga hodi, kamshika mkono binti yake, kwapani ana furushi.

"Shikamoo, mwalimu. Mimi Tatu wa Mzee Kondo."

"Marahaba, mwanangu. Wallahi, umekuwa mtu mzima."

Tulisalimiana mpaka nikamuuliza habari ya lile gauni. Akacheka.

"Nililivaa Iddi nne, mwalimu. Wenzangu wanang'ara, mimi nipo na vumbi langu. Nilikuwa nalisugua kwenye jiwe mtoni ili litoboke, baba aninunulie jingine. Halikutoboka."

Yeye alicheka, mimi sikuweza. Niliumia. Nyinyi walimu vijana msidhani nawaambia muache kikombe cha maji. Wanga ni wizi, na mtoto aujue. Lakini miaka yote ile niliwauliza watoto wangu kitambaa kitadumu muda gani, na yule mmoja sikumuuliza kama anakipenda.

Tatu akafungua furushi. Chiti nyekundu, ya maua. Mikono yangu ikaenda yenyewe, ikafikicha, unga ukanidondokea mapajani.

"Tatu, hiki hakifiki Iddi ya pili."

"Najua, mwalimu. Ndiyo maana nimekinunua. Kikichakaa nitamnunulia kingine."

Mtoto alikuwa amesimama karibu na mtungi wangu wa maji, macho kwenye kitambaa. Nikamwita, nikampima bega, kifua na urefu. Gauni likaisha kabla ya alasiri, na upindo wa kuteremsha sikuuweka.