Georgette wa Ukurasa wa Shukrani

Sikwenda maktaba ya chuo kutafuta elimu. Tangazo lilisema semina ya bure kuhusu kazi zilizonakiliwa, na chini yake: mikate na sucré baridi, yaani soda. Nikapanda toleka, baiskeli ikanifikisha kabla ya mikate kuisha.

Mkutubi wetu, Papa Faustin, akaomba mtu mmoja atoe mémoire yake, ile kazi ya kumalizia masomo, ipimwe na mashine ya kunasa wizi. Mimi, assistant mzima, mwalimu msaidizi wa chuo, nikanyoosha mkono wa kwanza. Kiherehere! Mémoire yangu nilipewa na mpiga chapa mmoja wa mtaa wa Makiso, anayetunza za wanafunzi wa zamani. Nilibadili kichwa, majina ya mitaa na jina la mwenyewe. Nani angejua?

Flashi ikiwa tayari imeingia, Papa Faustin akaeleza kwamba mashine inalinganisha na mémoire zote za zamani za chuo.

Ukuta mzima, ambako kurasa zangu zilionyeshwa, ukawa mwekundu kwa alama za wizi.

"Papa, mashine yenu iko na surua," nikasema. Watu wakacheka.

Akafika ukurasa wa shukrani, ambao mimi sikuwahi hata kuusoma. Akausoma kwa sauti, pole pole: "Kwa Georgette wangu, ambaye kifua chake kilikuwa mto wangu kila nilipokata tamaa."

Ukumbi ukalipuka. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Assistant, Georgette njo nani?"

Ningenyamaza tu. Badala yake nikajitutumua: "Iko bibi yangu wa ndoa. Ananipenda sana."

Papa Faustin akavua miwani.

"Mutoto wangu, ile mémoire niliandika miye, na Georgette iko bibi yangu. Saa hii iko ku nyumba, anapika pondu. Twende umusalimie."