Kula Iliyotoka Kura

Mkono wangu unajua kuandika kula. Ulimi ndio haujui. Nikifungua mdomo inatoka kura, na imekuwa ikitoka hivyo tangu nikiwa mtoto. Darasani sikukaa sana, lakini hata huko mwalimu alinichapa kwa ajili ya herufi hiyo mpaka akachoka yeye.

Nauza githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, karibu na lango la kiwanda, upande wa Kiandutu, hapa Thika. Saa ya chakula wafanyakazi wakitoka, sisi wenye vibanda tunapigania macho yao. Wengine wana mabango. Mimi nina koo. Nagonga kifuniko cha sufuria kwa mwiko, ko, ko, halafu naita: kula kwanza, maneno baadaye. Sasa wewe unayesoma, irudie ukitoa l uweke r. Hivyo ndivyo wao wanavyosikia.

"Mama, tayari tumekupigia," vijana wa kiwandani hunijibu. "Tuwekee avokado ya ushindi."

Nawawekea. Mdomo wa mteja haufungwi, unajazwa.

Mjukuu wangu ana jina langu. Kwetu binti wa kwanza wa mwanao wa kiume hupewa jina lako, kwa hivyo siku aliyozaliwa nami nilizaliwa tena. Alipoanza kuimba, watu walimwambia atafute jina la kisanii, lenye kung'aa. Alikataa. "Niko na jina," alisema, "na mwenyewe bado yuko hai." Nilijivunia maneno hayo mpaka kina mama wa kanisani wakaanza kunikwepa. Lakini kuna upande wa pili. Anayebeba jina lako akianguka, mmeanguka wawili.

Siku moja alikuja kula, akaacha simu yake kwenye benchi kando ya sufuria. Mimi nilidhani ameisahau. Kumbe alikuwa ananasa sauti yangu. Baadaye alirudi akaniwekea vile vidude vya masikioni. Nikasikia kifuniko changu, ko, ko. Nikasikia koo langu. Halafu ngoma, halafu yeye mwenyewe anaingia taratibu kama maji yanayomiminwa, anaimba juu ya mwanamke ambaye mumewe amerudi nyumbani na maelezo marefu, naye anamwambia akae, ale kwanza.

"Hii ni sauti yangu?"

"Ni yako, shosho."

"Mbona inafanana na ya mtu anayefukuza kunguru?"

"Hapo ndipo utamu uko."

"Na ruhusa uliomba?"

"Ndiyo naomba sasa."

"Umeshasonga ugali ndiyo unaomba unga."

Alicheka, nikampa ruhusa. Ningemnyima vipi? Ningekuwa najinyima mwenyewe.

Wimbo ulitoka ukaenda mbio. Vinyozi waliupiga, mabinti wa saluni waliupiga, watoto wakitoka shule walinigongea mabati ya kibanda, ko, ko, wakakimbia. Kuna redio inayotangaza nyimbo kumi bora kila Jumamosi saa ya chakula. Tuliingia mkiani. Wiki iliyofuata tukapanda, iliyofuata tena tukapanda, mpaka tukawa wa pili. Nasema tulipanda kwa sababu mtangazaji alitaja jina letu, langu na lake, nami nilisimama na mwiko mkononi kama askari wa gwaride.

Halafu kampeni zikaanza.

Lori la mheshimiwa mmoja lilipita mbele ya kiwanda likiwa na spika kubwa kama milango. Ile sauti iliyotoka ilikuwa yangu. Walikuwa wamekata wimbo wakabakiza maneno mawili tu, kura kwanza, kura kwanza, kisha jina la mheshimiwa, kisha mimi tena. Nilikuwa nampakulia fundi mmoja wa mashine, mtu anayekula kwangu tangu mke wake aende mashambani. Aliangalia lori, akaniangalia mimi.

"Mama, kumbe una mtu wako."

"Mtu wangu ni wewe. Kaa, chakula kinapoa."

Hakukaa. Siku hiyo sufuria ilirudi nyumbani nzito.

Wasionijua wanaweza kusema mama huyu anaogopa bure. Mimi nimeona misimu ya kura. Najua jirani anavyoanza kwa kutokusalimia, akamalizia kwa kutokukujua. Mjukuu wangu amepanga Kiuu, kule Ruiru, kwenye ploti, jengo la vyumba vya kupanga, lenye watu wa kila upande wa siasa. Majirani walikuwa wanamwandikia kwenye simu kwamba amenunuliwa, yeye na nyanya yake. Nilimwambia aje alale kwangu. Akasema akihama watajua ni kweli.

Jumamosi hiyo mtangazaji alisema wimbo umewekwa kando mpaka kampeni ziishe, kwa kuwa kituo chao hakichezi siasa. Alitaja jina letu kwa ile sauti ya kutangaza ajali.

Mjukuu wangu alinipigia simu. "Shosho, wa redio wamesema tukipeleka rekodi nyingine ya wimbo isiyo na siasa kabla ya Jumamosi wataicheza. Tukikosa, kampeni zikiisha watu watakuwa washanisahau."

"Si uite wewe hayo maneno, na ulimi wako uliosoma?"

"Nimejaribu. Inakuwa kama tangazo la sabuni."

"Basi tafuta shosho mwingine."

Nikasikia anavuta pumzi kwa pua kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo, akijizuia kulia. "Ni jina lako pia," akasema.

Nikaenda Ruiru.

Studio yenyewe ni chumba cha kupanga huko Kiuu, kwenye ploti ile ile anamoishi mjukuu wangu, kuta zimebandikwa trei za mayai na mlango umezibwa na godoro. Prodyusa ni mwanaume mpole mwenye ndevu. Alinisimamisha mbele ya maikrofoni.

"Shosho, sema la."

"Ra."

"Weka ulimi nyuma ya meno ya juu."

Niliuweka. La ikatoka. Ku ikatoka. Zikikaa mbalimbali zilikuwa na adabu, lakini nikiziunganisha na kupaza sauti, ulimi ulirudi kwenye kura kama mbuzi anayejua zizi lake. Niliwaza yule fundi, niliwaza lori, niliwaza mtoto huyu akinitazama na sura yangu mwenyewe. Mwishowe nikaipata. Kula, safi, kila herufi mahali pake.

Prodyusa akatuchezea. Nilisikika kama mtoto anayekariri shairi siku ya wazazi. Mjukuu wangu aliinama akaangalia kucha zake. Hiyo sura naijua. Ndiyo ninayoweka githeri ikiungua na mteja ameshakaa.

"Mimi siwezi kuita godoro," nikawaambia. "Godoro halina njaa."

Hapo mjukuu wangu akainuka, akasogeza godoro, akatoka. Alirudi na jiko la jirani likiwa na makaa mekundu, na githeri iliyochemshwa ya mama mmoja wa pale kona. Nikakaanga vitunguu kwenye korido ya ploti, nikatia nyanya, nikatia hoho. Harufu ikapanda ngazi. Milango ikafunguliwa mmoja mmoja, watu wakatoka na sahani, hata wale ambao asubuhi hawakuwa wamemsalimia mjukuu wangu. Prodyusa alifunga maikrofoni kwenye mti wa fagio, nami nikaisahau. Nikagonga kifuniko, ko, ko, nikaita.

Ikatoka kura. Ilitoka nene kuliko ya Thika.

Nikauma mdomo. Prodyusa akashika kichwa. Lakini juu kwenye ngazi kulikuwa na mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni, naye akanijibu hapo hapo: "Shosho, kura ni ya mwezi ujao. Njaa ni ya leo."

Korido yote ikaangua kicheko.

"Basi leta sahani," nikamwambia, "na kadi yako ya kura uiache nyumbani."

"Hapo," mjukuu wangu akamwambia prodyusa. "Acha hivyo hivyo. Usioshe kitu."

Mimi sikufurahi. Wakati wanakula nilimvuta pembeni. "Nimekuja kuitoa hiyo kura, na nyinyi mmeibakiza."

"Tumeibakiza, lakini sasa anayesikiliza anajua ni ya sahani."

"Na wale wa lori wakikata tena?"

"Watakata, shosho. Siwezi kushika makasi ya kila mtu."

Hilo jibu nilirudi nalo Thika likinikaa kifuani kama ugali mbichi.

Jumamosi niliweka redio juu ya debe. Nilitia chumvi, nikasahau, nikatia tena, wateja wakala bila kusema. Wakataja ya kumi, ya tisa, haikuwa sisi. Yule fundi wa mashine alikuwa amesimama kibanda cha jirani, amenipa mgongo, lakini sahani yake haikuwa inapungua. Wakataja ya tatu. Wakataja ya pili. Nikajiambia basi, tumetupwa, na mtoto ametupwa na jina langu mgongoni. Ndipo nikasikia mtangazaji anacheka kabla ya kusema neno, halafu kifuniko, ko, ko, halafu yule mama wa ngazi na njaa yake ya leo. Akasema hiyo ndiyo namba moja. Akataja jina letu vizuri.

Wafanyakazi waligonga sahani kwa vijiko. Fundi aligeuka, akaja polepole.

"Mama, kumbe ni ya chakula."

"Lini ilikuwa ya kitu kingine? Kaa."

Akakaa. Niliinua kifuniko niite wengine, na kwa mara ya kwanza koo langu likasita, kwa sababu huku barabarani lori lilikuwa linarudi, na lilikuwa na ile ya zamani, kura kwanza, kura kwanza. Watu wa langoni wakaligeukia. Kisha kijana mmoja akapaza sauti, "Ni ya mwezi ujao!" na wengine wote wakamwitikia kwamba njaa ni ya leo, mpaka spika ikawa haisikiki.

Walicheka sana. Mimi sikucheka. Nilikuwa napitisha macho kwenye nyuso, moja moja, kutafuta ambaye hacheki. Niliona wawili, wamesimama nyuma wamekunja mikono.

Hao ndio niliowapakulia kwanza.