Siagi ya Kompresa ya Garbatulla

Nilitoka Thika kwa sababu ya jina moja tu: Gitonga. Abdi, dereva wa lori, alipita pale gereji ninapofanya kazi akanihadithia kambi ya kuchimba kisima huko Garbatulla, ambako kompresa, mashine ya kusukuma hewa, inatetemeka mpaka sufuria za mpishi zinacheza. Nikamuuliza msimamizi ni nani. Aliponiambia, nikatia spana kwenye gunia, nikapanda lori lake.

Mnaonijua mmezoea kuniona na sikio moja. La pili nililiacha kwenye machimbo ya mawe, enzi Gitonga akiwa msimamizi wetu. Kompresa ilitetemeka, tukamwambia, akajibu, "Mashine ni mashine, lazima itetemeke." Siku ile kaplingi, kile kiungo cha injini na kompresa, ilipopasuka, kipande kilipita na sikio langu na vidole viwili. Yeye alihamishwa tu. Jina lake nalitaja wazi. Kulificha ni kumsaidia.

Nanyuki tulipita na baridi, makoti mpaka shingoni. Baada ya Timau barabara ikaanza kuteremka, na kila kona tunavua nguo moja. Tulipoingia Isiolo mimi nilikuwa nimebaki na fulana, Abdi anacheka kwamba watu wa Thika wanaiva upesi.

Chechelesi, nyumbani kwa akina Abdi, tulilala. Mama yake alitupokea kwa salaam aleikum na chai ya maziwa mengi, akanitazama bila haya.

"Fundi, sikio ingine umeacha wapi?"

"Kazini, mama."

"Basi hii moja usipeleke kazini."

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Akatuagiza tumsalimie dada yake Habiba huko Garbatulla, anayetengeneza siagi kwa mashine. Nikadhani ni mzaha mwingine.

Asubuhi tuliiacha lami. Kufika kijiji cha Kula Mawe mimi na gunia langu tulikuwa rangi moja ya vumbi, na meno yangu yalikuwa yamegongana ya kutosha mwaka mzima.

Garbatulla, kompresa tuliisikia kabla ya kuiona. Na nilipoiona, jamani, nilisimama kama mjinga. Kwenye vyuma vya pembeni vilining'inia vibuyu vya maziwa, mstari mzima, vyote vikitetemeka. Kazi ya kutikisa maziwa, ambayo huwachosha kina mama mikono, walikuwa wameipa mashine!

"Nagaa, fundi," alinisalimu kwa Kiborana mama mmoja mrefu. Ndiye Habiba. "Umekuja kuharibu siagi yetu?"

Kivulini, Gitonga alikuwa anachovya chapati kwenye siagi hiyo hiyo, zawadi yake kwa kuruhusu vibuyu. Aliponiona akaacha kutafuna.

"Bado inatetemeka?" nikamuuliza.

"Mashine ni..."

"Usimalize!"

Habiba akanivuta kando, akanieleza. Nyundo ya kuchimba ilikuwa imegonga mwamba mgumu, na ni hewa ya kompresa inayoiendesha na kutoa kokoto shimoni. Kompresa ikifa, mtambo wa kuchimba unahamishiwa kwingine.

"Sisi tubaki na shimo," alisema. "Punda yangu imechoka kufuata maji. Siagi ni tamu, lakini maji kwanza."

Kompresa hii ni ya parafujo mbili zinazozunguka zimekumbatiana. Niliweka ncha ya bisbisi ndefu kwenye nyumba za beringi, zile gololi zinazobeba parafujo, mpini nikaugandamiza kwenye sikio langu lililobaki. Mama wa Chechelesi anisamehe. Mlio ulikuwa laini, hausagi. Beringi nzima, shukrani kwa Mungu si kwa Gitonga. Nikapapasa kwa kiganja: kona moja, karibu na kaplingi, ilinipiga kama punda.

"Kibuyu gani kinatoa siagi mapema?" nikauliza.

"Hii ya kona. Zile za huko, mpaka jioni ni maziwa tu."

Kiganja na siagi vilikubaliana. Tukazima, tukatoa vibuyu, nikaanza kulegeza bolti za miguu, moja moja. Tatu zililegea na miguu ikatulia. Ya nne ilipolegea, mguu ukaruka juu wenyewe. Chini yake palikuwa na kipande cha tairi.

"Nani ameweka raba?"

"Mimi," Gitonga akasema. "Nilitaka kupunguza mtetemo."

"Umevalisha mguu mmoja kiatu, mitatu iko peku! Wewe ungetembea hivyo?"

Kina mama wakapiga makofi. Shida ndiyo hiyo: mguu haukai sawa, ukiukaza kwa nguvu mwili wote unapinda, kaplingi inatoka kwenye mstari, na kila mzunguko injini na kompresa zinavutana. Nikatupa raba, nikakata vipande vyembamba kwenye bati la debe, nikajaza mwanya mpaka mguu ukakaa bila kulazimishwa. Kisha rula juu ya kaplingi, na ubavuni, kusukuma kidogo, kupima tena. Rula nilimshikisha Gitonga. Alishika vizuri, siwezi kudanganya.

Tukawasha. Abdi akaweka kikombe cha chai juu ya mwili wa kompresa. Chai ikakunja uso kidogo, ikatulia. Habiba akarudisha kibuyu chake konani, akangoja, akafungua.

"Maziwa!" akapiga kelele. "Umeua mashine yetu!" Na huku anacheka.

Kesho yake mwamba ulikubali. Shimo likatema tope, likakohoa, likarusha maji. Gitonga alinijia ameloa, mkono mbele.

"Ile siku ya machimbo..."

"Ile siku bado ni yako," nikamwambia. "Lakini maji ni ya wote. Kunywa."

Kurudi, tulipita Chechelesi na kopo la siagi kutoka kwa Habiba, ya mkono safari hii, pamoja na matusi yake ya mapenzi. Nilichojifunza ni kidogo: mtetemo usiuzibe mdomo kwa raba, ufuate mpaka mguuni. Na mtu akikuambia lazima itetemeke, muulize jina.

Mama yake Abdi hakuangalia kopo kwanza. Alinishika kidevu, akanigeuza kichwa upande huu na ule.

"Moja," akasema. "Imerudi. Karibu chai."