Mot de passe ya Papa Tshimanga

Kwa avenue yetu ya Katuba, Papa Tshimanga njo anafundishaka bantu ordinateur, ni kusema kompyuta. Anatugombeza sana: mot de passe, neno ya siri, ya jina ya mutoto iko ya bajinga, iwe ndefu, iwe na namba, na usiiandike ku karatasi hata siku moja.

Yake iko ndefu kweli. Na haiko ku karatasi. Iko ku ukuta wa nyumba yake, na rangi nyekundu, vile kila mwenye parcelle anaandikaka juu ya kukimbiza bezi ba viwanja: PARCELLE HAIUZISHWE, N° 47. Alichukua hayo maneno yote kuwa mot de passe ili asisahau.

Jana muntu alisoma ukuta, akaingia ku compte yake ya internet, akatangaza kama parcelle inauzishwa. Leo bateja batatu banapima kiwanja. Bibi yake wa ndoa, Mama Albertine, alishabapatia viti.