Buibui wa Michikichi na Uso wa Melkiori

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha kilimo cha michikichi hapa Rumonge, Burundi, Mkuu wa kituo, Mbelgiji mmoja mkali, alinipa kalamu ya wino na chupa yenye buibui mfu. Nikachora. "Huyu ni buibui wa nyumbani kwenu," akasema. "Wangu hujamtazama bado." Loo, nilikasirika! Lakini ndivyo nilivyojifunza kazi ya mchoraji wa wadudu, nikaifanya mpaka pensheni.

Vijana mkitaka kuijua kazi hiyo nitawaeleza, ila kuna kitu kinaniuma: mwenzangu Melkiori sikumchora hata mara moja.

Yeye alikuwa mkamataji wa hao wadudu. Buibui wetu ni mrukaji. Hatandi utando wa kunasia, anawinda kwa macho. Anayo manane, mawili ya mbele makubwa, na ukimsogelea anageuka kukutazama. Kabla ya kuruka hubandika uzi kwenye jani, akikosea ananing'inia tu. Dume ana taya za kijani zinazometa, na mbele ya jike huinua miguu akacheza. Jike ni kahawia tupu, hujifungia katika kifuko cheupe kwenye kuti akilinda mayai. Ukimtia kwenye alkoli rangi inapotea, kwa hiyo Melkiori alimshikilia akiwa hai ndani ya gilasi, mbele ya pua yangu, akimbembeleza: "Tulia basi, bibi harusi." Nami nachora upesi.

Baada ya uhuru Mkuu akawa Mrundi mwenzetu, mtu wa utani. "Wadudu wanamaliza michikichi yangu, nyinyi munachora miguu!"

"Chef, huyu ndiye anakula hao wadudu," Melkiori akamjibu, tukacheka wote.

Mwaka wa sabini na mbili, mwaka wa mauaji nchini kwetu, gari la askari liliingia kituoni, wakaita majina. Melkiori aliweka gilasi mezani, akapanda. Hakurudi. Kuuliza kulikuwa hatari, na hatukuuliza. Alimwacha mkewe na mimba.

Mtoto alipoanza shule, mama yake alikuja kwangu. "Amahoro, baba. Mutoto anauliza papa wake alikuwa namna gani. Foto hatuna hata moja. Wewe ulikuwa naye kila siku, munichoree."

Nilikaa na karatasi. Miguu ya buibui naikumbuka, kila unywele. Uso wa Melkiori, nikiipata pua, macho yananitoroka. Jamani, miaka yote ile alikuwa mbele yangu, na mimi natazama gilasi!

Nilimpa picha niliyoweza. Aliitazama sana, machozi yakimtoka. "Si yeye," akasema. Nikanyoosha mkono anirudishie, akaificha ndani ya kitenge. "Wacha, baba. Mutoto hamujui. Atamupenda huyu."

Sasa nimestaafu, na mtoto yule ni baba wa watoto. Picha ameitundika sebuleni, na wageni humwambia amefanana naye kabisa. Juzi aliniuliza, "Muzee, ni kweli?"

Nikamwambia ni kweli.