Abiria Hewa wa Saa Saba

Siku ya kwanza kazini niliripoti stendi ya Butiama saa kumi na mbili asubuhi, nimechomekea shati kama mtu anayekwenda kupokea cheti. Dereva, ambaye humu nitamwita Dereva Mkuu kwa kuwa hatukuwa na mwingine, alinikagua kuanzia viatuni.

"Dogo, umekuja kazini au umekuja kuoa?"

Wadogo zangu wa kidato cha kwanza, nawaandikia kama mstaafu. Nilikuwa konda wa Hiace ya Butiama–Musoma likizo nzima ya mwezi wa sita, na nimestaafu nikiwa na meno yote.

Enzi zetu gari halikuwa linaondoka mpaka lijae. Asubuhi halikuwa tatizo: wanafunzi, watu wa ofisini, mama wa samaki, wote wanaitaka saa moja hiyohiyo. Kuanzia saa nne stendi inabaki na mbuzi. Abiria haji kwa sababu gari litakaa sana. Gari linakaa sana kwa sababu abiria haji. Nikamweleza Mkurugenzi, yaani mama mwenye gari, anayeishi Bunda na alikuwaga anakuja kukagua bila taarifa.

"Mama, mchana tupunguze nauli, na tuondoke saa nne kamili na saa saba kamili. Tujae tusijae."

"Tusijae? Kwenye tangi utatia mate?"

"Wiki mbili tu, mama."

"Mbili. Nikikuta gari tupu, urudi kwenye madaftari yako."

Watu wakaanza kuja, polepole. Wa kwanza kutuamini alikuwa Bibi Nyangeta wa Mwitongo. Mume wake alilazwa Musoma, na asubuhi alikuwa anasimama njia nzima na goti lake bovu. Sasa anapika kwa utulivu, anapanda saa saba, anakaa dirishani, anawahi muda wa jioni wa kuona wagonjwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, konda wangu. Ni saa saba kweli, au saa saba ya kwenu?"

"Saa saba ya redio, bibi."

Wiki ya pili, Alhamisi, nikasikia Mkurugenzi yuko njiani. Garini nina abiria watatu. Hapo nikakumbuka ufundi wa wapiga debe: abiria hewa. Hawa ni vijana wa kijiweni wanaokalishwa kwenye siti ili gari lionekane linakaribia kuondoka, kisha wanashuka mmojammoja. Nikajaza siti zote, nikawaonya wasicheke.

Mkurugenzi akachungulia. "Eh! Limejaa."

Nikavimba kama chura.

"Sasa kama mchana linajaa hivi, punguzo la nini? Kuanzia kesho nauli ni moja."

Ningesema nini? Kwamba wale si abiria?

Nilipomaliza kumsindikiza hadi kwenye gari lake, nikawashusha vijana. Mmoja akaniambia, "Kuna bibi alikuja na hotipoti. Nikamwambia limejaa, akasema goti haliwezi kusimama, akarudi. Si ndiyo kazi uliyonipa?"

Nikatazama njia ya Mwitongo. Hayupo. Dereva Mkuu akapiga honi: saa saba. Ningeweza kumwomba dakika kumi nikamkimbilie. Lakini nilikuwa nimejitapa na ile saa saba wiki mbili nzima, nikaona aibu kuchelewa. Tukaondoka na watu watatu, siti ya dirishani ikiwa wazi.

Kesho yake asubuhi mzee wake alikuwa anaingia chumba cha upasuaji. Alitoka salama, lakini jioni ile ya Alhamisi alikaa anautazama mlango wa wodi mpaka wageni wote wakaondoka. Bibi alinieleza mwenyewe, bila kupaza sauti, hata nilipokiri kwake kuwa waliojaza gari walikuwa abiria hewa. Angenitukana ningepata nafuu.

Nauli ilipopanda, abiria wa mchana wakarudi kubanana saa moja. Na sisi tukarudi kusubiri gari lijae. Shule zilipofunguliwa nikastaafu, bila keki wala hotuba.

Juzi nilipanda gari la asubuhi kwenda shule. Limejaa hadi mlangoni. Bibi Nyangeta akaingia. Nikainuka haraka.

"Kaa hapa, bibi."

Aliwatazama watu siti kwa siti, kisha akanitazama mimi.

"Hawa wa leo wanasafiri?"

"Wanasafiri, bibi."

Hakukaa. Alibaki ameshika bomba, goti amelikunja kidogo, kama anayesubiri waanze kushuka.