Kumfundisha Mtoto Kudai Kiti

Ijumaa, tarehe 12 Julai 1996. Upepo wa kiangazi ulianza kuvuma tangu alfajiri, na vumbi la Bariadi likaingia mpaka ndani ya chupa ya chai. Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu siku ile, na chini yake nikaandika: "Safari ya Mwanza, Jumapili. Leo anakuja." Sikumtaja ni nani. Niliogopa daftari lisije likasomwa na mtu.

Aliyekuwa anakuja ni baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu.

Nieleze kwanza kosa lake, na nitajitahidi nisiongeze chumvi, maana nimeishia darasa la saba na najijua, nikikasirika kalamu inanipita mbio. Baba alipofariki kule Nkoma, kiti cha babu chenye miguu mitatu kilikuwa ndani ya nyumba ya mama. Kiti kile hakikaliwi na mwanamke. Siku ya tatu ya msiba baba mdogo alisimama mbele ya watu akasema amemwona mama amekikalia, na ndiyo maana kaka yake amekufa. Akakibeba akaondoka nacho. Kule kwetu maneno kama hayo hayaishii kwenye maneno, huishia kwenye panga, hasa kwa mama mzee ambaye macho yake ni mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe na watu huyaita ya kichawi. Nilimhamishia mama mjini wiki ileile, na hakurudi tena Nkoma, hata kupalilia kaburi la mumewe.

Miaka mitatu ikapita. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia, na baba mdogo, ambaye alikuwa akishika mizani kwenye chama cha ushirika, akawa wakala wa mmoja wao na kununua pikipiki. Hapo sina lawama. Wakulima walisema mizani yake ilikuwa ya haki kuliko za wenzake, nami naandika walivyosema.

Kisha mwalimu jirani yetu, mama mwenye sauti ndogo na kumbukumbu kubwa, akawapeleka wanafunzi wake Mwanza kuona nyumba ya makumbusho. Aliporudi alinifuata jikoni.

"Dada, kiti cha babu yako nimekiona. Kimewekwa ndani ya kamba, na kina karatasi."

"Karatasi inasemaje?"

"Kwamba kimetolewa na mwana wa marehemu mwenye kiti, mrithi wake wa pekee."

Nilimrudisha mara tatu aseme tena, siku tofauti, nione kama atabadilisha. Hakubadilisha. Akaniambia pia kwamba Jumapili moja kila mwezi wanaruhusu watoto wadogo kuingia ndani ya kamba, wapige ngoma, wakalie viti, washike mikuki isiyo na makali. Nikajua hapo hapo nitafanya nini.

Mwanangu wa kiume alikuwa na miaka miwili na nusu, na mume wangu alikuwa amekubali jina litoke upande wetu. Kwa hiyo mtoto alibeba jina la babu yangu, mwenye kiti kile. Kwetu anayebeba jina anabeba na heshima yake. Baba mdogo alimwita "Baba", na mama yangu alimwita "Baba mkwe" na kumpisha njiani, nusu kwa utani na nusu kwa kweli. Niliwaza hivi: Jumapili ile, mbele ya wageni na wenye makumbusho, mtoto atamwambia baba mdogo, "Toka. Changu." Naye atajibu nini, na yeye mwenyewe anamwita Baba? Nilitaka neno moja tu, akiri mbele za watu kwamba mama alisingiziwa.

Nikaanza matayarisho. Mtoto alikuwa hapandi gari bila kutapika, kwa hiyo siku nne mfululizo nilimpeleka stendi, tukakaa ndani ya basi lililosimama, azoee harufu ya mafuta. Enzi za basi moja ungethubutu? Sasa yalikuwa mawili yakigombea abiria, na makondakta walitubembeleza kana kwamba tunasafiri kweli. Nikatafuta mtumba wa viatu vya mkanda. Nikatenga nepi za kitambaa saba, mifuko ya nailoni, chupa ya uji wa ulezi.

Na kila jioni kabla jua halijazama tulifanya mazoezi. Niliazima kigoda kwa mwalimu. Mwalimu anakaa, mtoto anakuja, anasema, "Toka. Changu," mwalimu anainuka, nami nampa mtoto karanga mbili. Mume wangu alitutazama akiwa na redio ya mtu anayoitengeneza, imefunguliwa mapajani.

"Mama," akaniambia, "unampeleka mtoto kuona ngoma au unampeleka mahakamani?"

"Kuona ngoma."

"Basi mbona shahidi analipwa karanga?"

Mtoto alielewa haraka kupita nilivyotaka. Alimwinua muuza mitumba sokoni. Kliniki alimwinua nesi kwenye kiti chake, na nesi, kwa mshangao, akainuka. Niliona aibu, lakini karanga nilimpa.

Baba mdogo nilimwandikia barua nikamwambia mtoto anakwenda kuona kiti, itapendeza mtoaji awepo, na kwamba watampiga picha. Hilo la picha nililitunga. Mpaka leo sijui kama uongo ule ulikuwa mdogo kuliko wake. Nilijiambia ni mdogo kwa sababu haukumfukuza mtu kwake.

Alifika Ijumaa ile saa tisa mchana, nyuzi za pamba zimemganda kwenye kola. Nilipiga goti nikamsalimu salamu yetu ya mchana.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mwanangu. Na huyu Baba yangu anaendeleaje?" Akatoa peremende mfukoni akampa mtoto. Sikumwagiza alete kitu. Alileta mwenyewe.

Akaketi kwenye kiti chetu kimoja cha mito, chenye vitambaa nilivyofuma. Mume wangu alikuwa mlangoni, mwalimu amekaa mkekani anasahihisha madaftari. Mama alikuwa jikoni, ng'ambo ya pazia; tangu msiba hakuwa amesema naye. Nilikuwa nimepanga mambo yote yawe Mwanza. Sikupanga kitu cha Ijumaa. Lakini mtoto aliona mtu amekaa, akaenda akasimama mbele ya magoti yake.

"Toka," akasema. "Changu."

Baba mdogo akacheka mpaka akakohoa. Akainuka mara moja, naandika hivyo kwa haki yake, hakusita. "Haya Baba, nimekupisha. Hata ulipokuwa hai ulikuwa hivi hivi. Ulinichapa fimbo kwa ajili ya kiti."

Pazia likasogea. Mama alisimama pale, mikono ina unga.

"Shemeji, umemjibu nani?"

"Nimemjibu baba yangu."

"Basi kuna neno lilisemwa juu ya kiti chake, nikakimbia nyumba yangu. Mwambie yeye mwenyewe, tusikie."

Mwalimu aliacha kusahihisha. Baba mdogo alimtazama mume wangu, mume wangu akatazama nje.

"Huyu ni mtoto," baba mdogo akasema.

"Umesema ni baba yako," nikasema mimi. "Sasa hivi, mbele yetu."

Alivua kofia yake akaiweka mkekani. Kisha akachuchumaa, kama mtu anavyochuchumaa mbele ya mzazi, na mtoto alikuwa juu ya mito anamenya peremende.

"Baba, kiti nilikichukua mimi."

"Na kukaliwa?" mama akauliza.

"Sikumwona akikikalia."

Hilo halikunitosha. Kutoona na kusingizia ni vitu viwili. "Na aliyesema amemwona ni nani?"

"Nilisema mimi. Nilikitaka."

Hapo mtoto akaninyooshea kiganja. "Kalanga," akasema. "Mama, kalanga."

Baba mdogo akatazama kile kiganja, akatazama kigoda cha mwalimu pembeni, akaelewa. Akasimama na uso umebadilika.

"Mmemfundisha."

"Ndiyo," nikasema. "Tumemfundisha kusema toka. Hayo mengine umesema mwenyewe."

Alichukua kofia yake. Akasema Jumapili hawezi, pamba imejaa kwenye ghala. Pikipiki iliwaka kwa teke la tatu.

Nilidhani nitafurahi zaidi. Nilifurahi, sitadanganya, lakini ilikuwa kama mtu aliyejikuna pembeni ya panapowasha. Wasikiaji, ukinitoa mimi, walikuwa watatu tu, na Nkoma nzima ilisikia ule uongo. Nikamwomba mwalimu aandike kila neno na tarehe, tuweke sahihi, aandike pia kwamba aliinuka bila kusita na kwamba barua yangu ilikuwa na uongo wa picha. Mwalimu alisema hilo la picha si lazima. Nikasema ni lazima, baba mdogo asije akalishika kutupinga.

Mama aliisikiliza karatasi ikisomwa mpaka mwisho.

"Safari iko palepale," akasema. "Nafasi yake kwenye basi ni yangu. Huyo aliyeandika karatasi ya Mwanza nitamwonyesha hii aandike nyingine. Tukirudi, nitakwenda nayo mnadani Nkoma, mwalimu akanisomee kwa sauti."

"Sauti yangu ndogo, mama," mwalimu akasema.

"Utakunywa yai bichi."

Jogoo niliyemchinjia mgeni alikuwa tayari chunguni. Jioni ile tulikula ugali wa mtama kwa kuku na mlenda, mwalimu naye akala nasi. Firigisi, ambayo kwetu ni ya mwanamume mkubwa, mume wangu alimsogezea mtoto, mtoto akaitafuna akaitema. Mama aliiokota kwenye sahani, akaifuta kwa kidole gumba, akaila taratibu.